MTO MKAVU SI BARABARA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa na mjumbe mmoja wa kamati ya tawi, dereva wa zamani wa malori, mbele ya wanachama waliokutana Turbo siku ya Jumapili. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wale waliokuwa safarini wasiweze kuhudhuria.)



Ndugu Katibu aliponiambia niseme habari ya mafuriko ya jangwani, kijana mmoja aliyeketi nyuma alicheka. Akasema, "Matope ya Turbo yanatutosha. Jangwa nalo lina mafuriko gani?" Simlaumu. Hata mimi nilisema vivyo hivyo siku ya kwanza nilipopanda lori kwenda Turkana, nikiwa tanboi. Mtu wa nchi ya mvua hudhani kwamba jangwani hatari ni moja tu, nayo ni kiu. Basi hubeba madumu ya maji ya kunywa, akaona amejilinda.

Lakini mnajua wenyewe kwamba mbao zetu, nguzo zetu na mahindi yetu haviishii Eldoret. Malori hupita Kitale, hupanda Kapenguria, huteremka Ortum na Marich, huvuka Kainuk, huenda Lokichar, Lodwar mpaka Kakuma. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma mwaka 1992, na tena tangu mafuta yalipopatikana karibu na Lokichar mwaka 2012, vijana wengi wa huku wameijua njia hiyo. Kwa hivi habari ya jangwa ni habari yetu. Ni kazi yetu, na wakati mwingine imekuwa kifo chetu.

Sasa nisikilizeni. Neno langu la kwanza ni hili: jangwani, mvua inayokuua siyo ile inayokunyeshea. Ni ile iliyonyesha mbali, nawe hukuiona.

Hapa kwetu mvua ikinyesha, msitu huinywa. Majani yaliyooza chini ya miti huishika kama sifongo, kisha huiachia polepole mpaka mtoni. Huko chini sivyo. Ardhi imechomwa na jua ikawa ngumu kama sakafu, miti ni michache, na milima ni mawe matupu. Maji yakianguka hapo hayana pa kuingia. Hukimbia yote kwa pamoja kwenye makorongo, na makorongo hukutana kwenye ule mto mkavu ambao watu wa kaskazini huuita laga. Mji wa Lodwar hupata kama milimita 200 tu za mvua kwa mwaka mzima. Lakini sehemu kubwa ya hizo zaweza kuanguka kwa siku chache, na laga iliyolala miezi minane ikaamka kwa robo saa.

Zaidi ya hayo, mito ya Turkana haianzi Turkana. Turkwel huanzia mlima Elgon, ambako huitwa Suam. Muruny hutoka milima ya Cherangani. Turbo iko kwenye mita kama 1,800 juu ya bahari. Lodwar iko kwenye mita kama 500. Maji yote ya milimani yana safari moja tu, kushuka. Basi wewe umeliacha wingu jeusi juu ya Cherangani asubuhi, ukashukuru kuliepuka. Hujaliepuka, ndugu. Mnasafiri pamoja, wewe kwa barabara na lenyewe kwa mto, na jioni mtakutana kwenye daraja.

Nitawaambia yaliyonipata mimi mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa zile mvua kubwa za El Niño. Nilikuwa tanboi kwenye lori la mahindi. Tulipita Lokichar, tukafika kwenye laga moja ambayo siku zote tulikuwa tukiivuka bila kuitazama. Jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe. Katikati ya mchanga palikuwa na maji kidogo, mekundu, yakienda taratibu. Dereva wangu, mtu mzima na mjuzi wa kazi, alisimama akayatazama. Kisha akasema, "Kijana, ingia upime."

Niliingia na fimbo. Maji yalinifika magotini. Nikampungia mkono aje. Naye akaja, magurudumu ya mbele yakaingia mchangani. Ng'ambo ya laga palikuwa na mtoto mchunga mbuzi, akipiga kelele na kutupa mawe majini. Nilidhani anatuchokoza. Kumbe alikuwa akituokoa. Mbuzi wake walikuwa wamekwisha kupanda juu ya mawe kabla yetu sisi wenye akili hatujafahamu lolote. Kisha nikasikia sauti kama ya treni la mizigo likipanda Timboroa. Nikakimbia upande wa yule mtoto. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamefika, yenye povu na magogo, na lori lilikuwa limelala ubavu. Dereva alitoka kwa dirisha, akashika mti. Mahindi yote yalikwenda.

Usiku ule tulilala kando ya laga tukitetemeka, kila mtu upande wake. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake maji yalikuwa yamekwisha, mchanga mtupu. Fahamuni vizuri jambo hili: tungalingoja usiku mmoja tu, tungalivuka na mzigo wetu wote. Tuliporudi, mwenye lori aliuliza habari ya magunia. Dereva alifukuzwa kazi. Hakuna aliyeuliza kama mimi nilikuwa mzima.

Mtasema hayo ni ya zamani, sasa kuna lami na madaraja. Ni kweli, barabara ya Lodwar imetengenezwa sana miaka hii. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua ilinyesha West Pokot hata milima ikaporomoka juu ya watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Madaraja yalichukuliwa, barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika, na magari yakakwama pande zote mbili. Daraja si ahadi ya Mungu. Ni kazi ya mikono ya watu, na mto ukizidi kipimo huivunja.

Na msidhani ni Turkana peke yake. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, nchi kame ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini liliingia katika maji yaliyokuwa yakipita juu ya barabara. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi lilikwenda kidogo, likainama, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya wenzao. Tarehe 9 Aprili 2024, basi jingine lilichukuliwa na maji pale Tula, katika njia ya Garissa kwenda Nairobi. Abiria 51 waliokolewa, wengi wakiwa wamepanda juu ya paa. Hao walipata bahati. Bahati hainunuliwi, na tena haiji mara mbili.

Jirani zetu wa Ethiopia wanao mji wa Dire Dawa, mji wa reli na wa wafanya kazi kama sisi. Mto Dechatu hupita katikati yake, nao aghalabu huwa mkavu. Mwezi wa Agosti 2006 mvua ilinyesha milimani, maji yakaingia mjini usiku watu wakiwa vitandani, na zaidi ya 200 wakafa. Nao walikuwa wenyeji, wameishi na mto huo miaka yote.

Tena wako wana wetu walio ng'ambo. Vijana wengi wa Uasin Gishu wamekwenda nchi za Ghuba kuwa madereva, walinzi na watumishi wa nyumbani. Waandikieni, au wapigieni simu, wakumbusheni neno hili. Mwezi wa Aprili 2024, huko Samad al-Shan katika Oman, gari lenye watoto wa shule lilichukuliwa na maji ya wadi, na watoto kadhaa wakafa. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Aprili, Dubai ilipata mvua ya mwaka mzima na zaidi kwa siku moja, uwanja wa ndege ukawa ziwa. Kama utajiri ungalizuia maji, ungaliyazuia pale.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana dereva hupenda hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuinua motokaa ndogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, hata pikapu kubwa. Na kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne.

Dereva wa lori atasema, "Mimi nina tani nyingi." Ndugu yangu, bodi ya lori lako ni ukuta, na maji huusukuma kwa ubavu. Ukirudi mtupu, wewe ni mwepesi. Na ukiwa umebeba mbao au nguzo za Turbo, kumbuka kwamba mbao huelea. Mzigo wako si nanga. Tena maji ya laga hayana uangavu. Huwezi kuona kama sakafu ya zege chini yake ingaliko, au imekwisha kuchimbwa likabaki shimo. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Waliyasema bila kupita shule ya udereva.

Kwa hivi nawapa mashauri yangu, muyashike.

Kwanza, ulizeni kabla ya kuondoka. Idara ya Hali ya Hewa hutoa habari za mvua kila siku, na hutoa onyo mvua kubwa inapokaribia. Msiulize habari za Lodwar tu. Ulizeni za Elgon na Cherangani, kwa maana maji yatatoka huko. Wapigieni simu madereva wanaotoka chini. Dereva anayejua kwamba laga imejaa akanyamaza, amekosa wajibu wa chama.

Pili, njiani msikilizeni mwenyeji. Mturkana na Mpokot wanaijua laga kama wewe unavyoijua gia ya lori lako. Shuka, msalimu mzee, muulize kwa heshima. Ukiona watu na mbuzi wanahamia juu, usiulize sababu, wafuate. Maji yakibadilika rangi, yakileta vijiti na povu, au ukisikia ngurumo upande wa juu na mbingu ni nyeupe, toka mchangani wakati ule ule. Usingoje kufunga turubai.

Tatu, usilale katika laga wala usiegeshe gari humo. Najua mchanga ule ni laini, na kivuli cha miti ya ukingoni ni kitamu mchana wa joto. Miti hiyo imestawi pale kwa sababu maji hupita pale. Egesha juu, hata kama ni penye mawe.

Nne, usivuke usiku maji yakiwa yanapita. Simama, geuka ikiwezekana, ngoja. Laga ndogo hupungua kwa saa chache. Kubwa yaweza kuchukua siku. Kwa hivi bebeni chakula cha siku mbili zaidi, na maji ya kunywa, na simu yenye moto. Maji yakiisha kupungua, tembea kwanza ukague barabara kabla ya kuivusha gari.

Tano, gari likizimika majini, acheni mzigo. Fungueni mikanda na madirisha, tokeni mapema. Kama hamwezi kufika ukingoni, pandeni juu ya gari, mwite msaada. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bure kwa nambari 1199. Gunia hulimwa tena. Baba wa watoto hapandwi shambani.

Ndugu Mwenyekiti, ningaliweza kumaliza hapa, watu wapige makofi, twende kunywa chai. Lakini nikikoma hapa nitakuwa nimesema nusu tu ya kweli. Kwa sababu yule dereva wangu wa mwaka 1997 hakuwa mjinga. Aliijua laga kuliko mimi. Mbona aliingia?

Aliingia kwa sababu alilipwa kwa safari, si kwa siku. Akilala njiani hakuna malipo. Akichelewa, hukatwa. Leo hali imezidi, kwa kuwa tajiri anayo simu, na gari lina chombo cha kuonyesha limesimama wapi. Dereva amesimama kando ya maji, simu inalia: "Kwa nini umesimama? Wenzako wamevuka." Huyo anayesema hivyo ameketi kitini, miguu yake mikavu. Hayaoni maji. Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema ajali hii inayo kinga, nayo ni subira; lakini subira ina gharama yake, na haifai gharama hiyo alipe dereva na tanboi peke yao.

Na tanboi, ndugu zangu! Ni nani anayetumwa majini kwanza? Dereva ana cheti, lori lina bima, mzigo una hati. Kijana asiye na barua ya kazi hupewa fimbo, akaambiwa ingia upime. Nasema mbele yenu, na madereva wanisamehe kwa maana na mimi nilikuwa dereva miaka mingi: tanboi si fimbo ya kupimia mto. Dereva asiyethubutu kuingia mwenyewe kwa miguu, asimtume mtoto wa mwenzake.

Sheria iko upande wetu, ila sheria iliyolala sandukuni haimwokoi mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aitoe habari kwa mkubwa wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Yasema tena kwamba aliyeondoka mahali pa hatari kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Basi ukifika kwenye maji, piga picha kwa simu yako, mpelekee mkubwa wako pamoja na maneno mafupi: mahali, saa, na kwamba hakuvukiki. Hapo umetoa habari, na ushahidi unao. Akikuadhibu baadaye, lete picha hiyo kwa Katibu. Mwaka 1997 sisi hatukuwa na ushahidi ila nguo zetu zilizolowa.

Naomba tawi hili lipeleke kwa waajiri mambo matatu, yaandikwe katika mapatano. La kwanza, siku ambayo lori limesimama kwa ajili ya maji ilipwe kama siku ya kazi, pamoja na posho ya chakula, kwa dereva na kwa tanboi. La pili, neno la mwisho la kuvuka au kutovuka liwe la dereva aliye mbele ya maji, wala si la mtu wa ofisini. La tatu, kila tanboi awe na jina lake katika daftari la kampuni kabla lori halijatoka Turbo, ili likimpata la kumpata, mke na wazazi wake wasiambiwe kwamba hajulikani. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuwakatia bima wafanya kazi wake. Lakini mtu asiye na jina atakatiwaje?

Waajiri watasema ni gharama. Tuwajibu kwa upole na kwa hesabu: siku mbili za posho ni kiasi gani, na lori moja lililolala ubavu katika laga ni kiasi gani? Mimi sijaona bado mwenye lori aliyepata faida kwa mahindi yaliyokwenda na maji.

Na ninyi vijana, msingoje mapatano yaandikwe ndipo muwe waangalifu. Laga haisomi mapatano. Kijana wewe uliyecheka nyuma pale, nimekwisha kujua kwamba wiki ijayo unakwenda Kakuma. Nenda salama. Ukifika kwenye mchanga, simama kwanza, zima injini, usikilize. Ukisikia kimya, tazama mbuzi wako wapi. Ukiona shaka, lala ng'ambo ya huku, hata kama simu italia usiku kucha. Kawia ufike.



(Baada ya hotuba, wanachama waliuliza maswali kwa muda mrefu. Kamati imeombwa kuyaandika yale mambo matatu kwa barua na kuyarudisha mbele ya mkutano ujao. Kila dereva na tanboi anayepita njia ya Kitale na Lodwar anaombwa kuleta kwa Katibu habari ya mahali palipo na hatari, ili orodha ibandikwe kwenye ubao wa chama.)